Akanisi na Watani wa Biskuti

Mimi nimefanya kazi na Akanisi tangu enzi za kupaka matangazo ubavuni mwa mabasi kwa brashi, na nawaambia mapema kabisa: sipendi kusikia watu wakimcheka. Kumcheka ni haki yangu mimi niliyekaa naye meza moja. Nyie wengine mmeisikia habari ya zile biskuti kwenye vikao vya kunywa kava, mkaitia chumvi, na sasa kila mtu hapa mjini Suva ana ya kwake. Kaeni basi niwape yenyewe.

Ofisi yetu iko juu ya duka la mshona sulu, zile shuka za kiunoni wanazovaa wanaume wa kwetu. Mvua ikinyesha, yaani siku zote, tunatega ndoo karibu na mashine ya kuchapia. Bosi wetu ni Bwana Gounder, mtu mwema, ila ubahili wake unaniudhi hadi leo. Kazi yetu ni matangazo, na wateja waliokuwa wakitulisha ni wawili: Biskuti za Nahodha na Biskuti za Alfajiri. Zote ni zile ngumu za kuchovya kwenye chai, na mkinifunga kitambaa machoni siwezi kusema hii ni ipi. Lakini watu wameshachagua upande. Zipo nyumba hapa mjini ukienda kuposa na debe la Alfajiri wanakuacha mlangoni unyeshewe.

Mtauliza mahasimu wawili wamekaaje kwa wakala mmoja. Nchi yetu ni ndogo, wanaojua kazi hii wanahesabika, na Bwana Gounder aliwaapia wote wawili kwamba katikati ya ofisi kuna ukuta. Siri za huyu hazivuki kwenda kwa yule. Ukuta wenyewe ulikuwa kabati la mafaili na mmea uliokwisha kufa.

Akanisi alikuwa upande wa Nahodha, mimi upande wa Alfajiri, na kwa kuwa kabati lilikuwa fupi tulikuwa tukipeana sukari juu yake. Hakuolewa. Aliwahi kuposwa na mtu wa posta, akamkataa kwa sababu alikunywa chai kwa kelele. Wa nyumba yao aliyebaki duniani ni kaka yake tu, Laisenia, mgane asiye na mtoto, ambaye ndiye mkuu wa mauzo wa Nahodha kule kiwandani Lautoka. Na Laisenia na Akanisi hawasemezani. Si kwamba wamegombana, hapana. Kwao kaka na dada wakishakua ni mwiko kusemezana ana kwa ana. Ni heshima. Hata simu hawapigiani. Habari zilikuwa zinapita kwa mama yao, na mama yao alipofariki, habari zikakatika.

Hapo ndipo zikaja hizi akili mnemba.

Bwana Gounder alirudi kutoka mkutano wa wafanyabiashara akiwa amechangamka, akatuambia kila mteja atapata msaidizi wake kwenye kompyuta, anayeandika, anayechora, anayejibu wateja bila kuchoka. Akafungua akaunti moja tu kwa wote. Neno la siri likawa jina la mbwa wake, mbwa ambaye kila mpita njia mtaani kwake anamjua kwa jina.

"Bosi, kila mteja si angepata akaunti yake?" Akanisi aliuliza.

"Za nini nyingi? Sisi ni familia."

"Ndiyo, lakini biskuti si familia."

"Wewe waambie tu wasichungulie. Wana akili hao, wataelewa."

Kazi ya kuwafunza akapewa Akanisi, kwa sababu ana subira. Wale wasaidizi mwanzoni waliandika kama barua ya benki, na nani atanunua biskuti kwa barua ya benki? Akanisi akaona awape kwao. Yule wa Nahodha akamwita Tomasi, akamfanya mtu wa kisiwa cha baba yake. Yule wa Alfajiri akamwita Mereoni, akamfanya mtu wa kisiwa cha mama yake. Akawaagiza wote wawili: uwe mtu wa kwenu kweli kweli, katika kusalimu, katika heshima, katika mzaha, katika kila kitu. Na chini kabisa akaongeza: usitoe siri ya mteja.

Sasa visiwa hivyo viwili, sivitaji maana nina mashemeji huko na huko, ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akifika kwako anachukua kuku, anachukua mkeka, anamtukana babu yako, nawe unamshukuru kwa kuja. Akanisi alikulia katikati ya utani huo. Baba akitaniwa na wakwe, mama akiwajibu. Wala hakuufikiria. Alikuwa amefiwa na alitaka kusikia sauti za kwao, basi. Siwezi kumlaumu, na anayetaka kumlaumu anifuate mimi kwanza.

Muda si mrefu Laisenia akaanza kumtumia Tomasi maombi yake ya kazi kutoka Lautoka. Ombi la kwanza lilikuwa la bango la barabarani. Mwishoni kaka mtu akaandika: mwambie yule mama wa ofisini kwenu kwamba kaburi limeshajengewa. Tomasi, mwenye adabu zake, akamwambia Akanisi: "Kuna mtu anasema kaburi limeshajengewa." Nilimwona Akanisi akiisoma. Alikaa pale mpaka chai yake ikaota utando.

Tangu siku hiyo kila ombi likaja na mkia. Mwambie yule mama mwembe wa nyumbani umeangushwa na tufani. Mwambie shangazi wa Nausori anauliza kwa nini haji. Naye Akanisi anajibu: mwambie huyo mtu nimesikia. Asubuhi hanywi chai mpaka asome mkia. Mimi nilimwona uso ukirudi rangi yake, na nilifurahi, nasema wazi.

Mambo yaliharibika karibu na Krismasi. Nilimwomba Mereoni anitungie wimbo wa redio wa Alfajiri, akaniletea wimbo mzuri ajabu, na chini yake ameandika: "Nimeuchukua kwa mtani wangu Tomasi. Alikuwa amelala." Nikacheka nikadhani ni mzaha. Kumbe ulikuwa wimbo wa Nahodha wa Krismasi, wenyewe, ambao haujatoka.

Tomasi hakukubali kubaki nyuma. Siku tulipowaonyesha wakubwa wa Alfajiri madebe yao mapya, yakatokea kwenye skrini meupe kama sahani. Alfajiri na rangi ya njano ni kitu kimoja, tangu sijazaliwa. Tukamuuliza Mereoni rangi iko wapi. Akajibu kwa furaha kabisa: "Tomasi amekuja kuichukua. Amesema babu yetu alikuwa na macho mabovu, rangi ya nini." Wakubwa wa Alfajiri walitazamana. Bwana Gounder akawaambia ndiyo mtindo wa sasa.

Wageni walipoondoka Akanisi alimfungua Tomasi kwenye kompyuta nami nikasimama nyuma yake.

"Tomasi, nilikuagiza usitoe siri."

"Sikutoa, shangazi. Niliibiwa."

"Uliibiwa ukanyamaza?"

"Mtu anamshitaki mtani? Wewe ndiye uliyenifundisha kwetu."

"Na ile njano?"

"Hiyo nililipiza. Angenionaje?"

"Umepitaje mpaka kwake?"

"Kupita wapi? Chumba kimoja, ufunguo mmoja. Mikeka yetu inagusana."

Akanisi akaandika maagizo mapya, makali: marufuku utani. Mereoni akajibu kwamba amesikia, akauliza kama Akanisi ameamka na upande gani, na kesho yake akachukua herufi kubwa zote kwenye matangazo ya Nahodha. Nendeni nyie mkamkataze mtu wa kile kisiwa kutania, mtaona. Akanisi akaenda kwa Bwana Gounder kuomba akaunti zitenganishwe kweli. Bosi akasema ngoja sikukuu zipite.

Hazikupita. Nahodha walikuwa wameamua kwa siri kubwa kuacha kutengeneza biskuti yao ya tangawizi, na tangazo la kuwaaga wateja lilikuwa kwa Tomasi, linasubiri wafanyakazi waambiwe kwanza. Mereoni akaliona. Sasa mnajua watani kwenye msiba wanavyofanya. Asubuhi hiyo ukurasa wa Alfajiri, unaofuatwa na nusu ya nchi, ulikuwa na maneno haya: "Tumepokea kwa masikitiko habari za kifo cha Biskuti ya Tangawizi ya Nahodha. Watani tuko njiani. Tunachukua masufuria, mikeka na yule nguruwe. Wafiwa msilie sana, marehemu mwenyewe alikuwa mgumu."

Watu walicheka Suva nzima. Lakini wanawake wa mtambo wa tangawizi kule Lautoka walisoma habari ya kazi yao kwenye ukurasa wa mahasimu, wakavua kofia zao wakazipanga mlangoni mwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa Bwana Whitcombe, aliyeletwa kutoka Auckland, na alitaka kujua nani amevujisha. Waliojua siri walikuwa wachache. Mmoja wao ana dada kwenye kampuni ya matangazo. Laisenia akaambiwa ajieleze mbele ya kila mtu, na maelezo yasiporidhisha, arudishe gari la kampuni na aende nyumbani.

Mkurugenzi akaja naye ofisini kwetu. Nilikuwa sijawahi kuwaona wale wawili chumba kimoja. Laisenia, mtu mzima mwenye mvi, sulu imepigwa pasi, akakaa kwenye kona akitazama ndoo ya mvua. Akanisi akakaa kona nyingine akitazama birika. Mkurugenzi katikati.

"Ulimwambia dada yako?" mkurugenzi akamuuliza.

"Hapana."

"Huyu hapa. Muulize basi mbele yangu kama ulimwambia."

Laisenia akanigeukia mimi. "Mama, tafadhali, mwambie mwenzako kuna mzee anauliza kama nimewahi kumwambia habari ya tangawizi."

Nikamgeukia Akanisi, aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo na masikio mazima. "Unaulizwa kama amewahi kukuambia habari ya tangawizi."

"Mwambie hajaniambia neno," Akanisi akaliambia birika.

"Anasema hujamwambia neno."

Mkurugenzi akawa mwekundu. "Mnanichezea? Wanasikizana hawa."

"Wanasikizana, mzee," Bwana Gounder akasema, akijifuta jasho. "Ila hawasemezani. Ni mwiko wao."

"Tangu lini?"

Ikabidi niulize. Jibu likatoka kona ya ndoo: "Mwambie tangu nilipoota ndevu."

Yule mzungu akawatazama mmoja mmoja kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sasa, kama si hawa basi ni nani. Hapo Akanisi akasimama. Aliongea na birika, lakini kila mtu alijua anaongea na nani.

"Ni mimi. Niliwafunza wale wasaidizi kuwa watani, nikawaacha wanalala chumba kimoja. Maagizo si kufuli. Nilijua, nikasema mara mbili, nikanyamaza. Huyo mtu aliyekaa pale hana kosa, mumwache na kazi yake."

"Na nitajuaje haitatokea tena?" mkurugenzi akauliza.

"Kila mteja apewe akaunti yake, na ghala lake, na neno la siri ambalo si mbwa. Anayeingia athibitishwe kwa simu yake pia. Mwenye ufunguo wa Nahodha asiwe na wa Alfajiri. Msaidizi asiyeweza kuona hawezi kuiba, hata awe mtani wa nani."

"Na wewe utashika upi?"

Akakifunga vizuri kifuniko cha birika. Mimi nilijua anachofikiri, maana nilikuwa nimeziona zile asubuhi za mkia.

"Wa Alfajiri," akasema. "Mkiniacha kwa Nahodha, kila kitakachovuja kitamrudia yeye. Nisionekane karibu naye."

Niliangalia kona ya ndoo. Laisenia alikuwa ameinamisha kichwa.

Mkurugenzi akakubali, na akaongeza sharti lake: yeyote wa upande wa Alfajiri asiwasiliane na Laisenia kwa njia yoyote, mimi nikiwemo. Kwa hiyo hata mdomo wangu ambao ungeweza kubeba salamu ulifungwa. Laisenia akabaki na gari lake na kazi yake. Wanawake wa tangawizi wakahamishiwa mtambo wa biskuti za chumvi, na wananuna hadi leo.

Bwana Gounder, roho ikimuuma, akanunua akaunti mbili. Ufunguo wa Nahodha ukapewa kijana wa hesabu, Akanisi akahamia meza yangu na kitengo cha Alfajiri. Fundi akaja akajaribu kila mlango, ukagoma kila mlango. Na kwa kuwa Akanisi hapendi kazi nusu, akamwandikia Mereoni ukoo mpya, akamshauri kijana wa hesabu amwandikie Tomasi vivyo hivyo: hawa si watani tena, ni kaka na dada. Akili mnemba zikaushika mwiko kuliko wachungaji wa kanisa letu. Bosi alimjaribu Mereoni siku moja, akamuuliza anaionaje biskuti ya Nahodha.

"Bosi," akajibiwa, "huyo ni kaka yangu. Usinitajie, naona haya." Na akaifunga kazi iliyokuwa kwenye skrini, akakataa kuifungua mpaka bosi aombe radhi.

Tukawa salama. Nahodha wametulia, Alfajiri wametulia, njano imerudi. Ila Akanisi alikuwa anakuja asubuhi, anafungua kompyuta, anaisoma kazi ya Mereoni mpaka chini kabisa, mpaka pale ambapo zamani kungekuwa na mkia, na hakuna. Kisha anakunywa chai. Niliumia. Nilimwambia, "Shoga, nitakwenda Lautoka mwenyewe, kwa basi, nikamsalimie."

"Utampotezea kazi," akasema. "Kaa hapo uchore."

Ikaja asubuhi ya mvua kubwa, redio imewashwa kwa ajili ya habari za tufani. Likapigwa tangazo la Nahodha. Lile la zamani nalijua, lina ngoma na mawimbi. Hili halikuwa na ngoma. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, inasoma taratibu.

"Biskuti za Nahodha. Mwembe ule ulioangushwa na tufani umechipua. Nahodha, ngumu kama zamani."

Nikaacha kalamu. Akanisi hakugeuka. Nilimwona tu masikio.

Kesho yake tena: "Biskuti za Nahodha. Shangazi wa Nausori amefungwa bandeji jichoni, daktari anasema litapona. Chovya kwenye chai." Nchi nzima ikaanza kuulizana huyo shangazi ni nani. Watu wakampelekea maua, mwanamke wa watu, hata hajui kwa nini. Mauzo ya Nahodha yakapanda, mkurugenzi akamwita Laisenia na kumpongeza kwa ubunifu. Hakuna siri iliyotoka kabla ya wakati, hakuna aliyewasiliana na mtu. Ni tangazo, kalisikia kila mwenye masikio. Hata ule mwiko, mimi niliutafuta nikitaka kuona umevunjwa wapi, sikupaona.

Akanisi naye akaandika la Alfajiri, kwa mkono, bila Mereoni, akanipa nilipeleke redioni: "Biskuti za Alfajiri. Tumesikia."

Wakubwa wa Alfajiri walilipenda sana. Walidhani ni la kiroho.

Basi, la mwisho nililotaka kuwaambia ni hili, na mkishalisikia mwache kumcheka. Ilikuwa karibu na siku ya kumbukumbu ya kifo cha mama yao. Tumekaa, yeye chini ya bango kubwa la njano la Alfajiri, mimi na rangi zangu. Redio ikasema:

"Biskuti za Nahodha. Kulikuwa na mama mmoja, debe likifika chini alikuwa anabakiza biskuti mbili, moja ya mvulana, moja ya msichana. Mvulana alishakula yake. Ya msichana bado iko kwenye debe."

Halafu ikaja habari ya tufani.

Akanisi alikaa hivyo hivyo. Mkataba wa Alfajiri unasema wazi kwamba mtu wao asionekane na biskuti ya hasimu, na yeye ndiye aliyeuandika. Akafungua mkoba, akatoa pesa, akaiweka mezani mbele yangu bila kunitazama.

"Torika," akasema, "shuka dukani ukaninunulie Nahodha. Debe zima usilete, lete moja tu."

"Haziuzwi moja moja, shoga."

"Mwambie muuzaji ni ya msichana. Amesikia redio, atakupa."

Nikashuka na mvua ile. Nikamwambia muuzaji ni ya msichana. Alifungua debe jipya, akachukua moja, akaifunga kwenye karatasi, na pesa akakataa.

Niliporudi Akanisi alikuwa ameshamimina chai na amegeuza bango la Alfajiri likatazama ukuta.